Alama 27, Daftari la Makosa na Mtihani wa ASVAB

Namba ya kwanza niliyopewa na jeshi la Marekani ilikuwa 27, na kwa siku tatu nzima niliielewa vibaya. Mtu aliyesoma katika shule za Tanzania akiona 27 juu ya karatasi yake anajua amepata 27 kwa 100, na hahitaji mwalimu amfafanulie kilichobaki. Sajenti wa uandikishaji aliyekuwa amenipeleka kituoni kufanya mtihani wa kujiunga na jeshi alinitajia namba hiyo tukiwa ndani ya gari, akaongeza kwamba nilihitaji angalau 31, kisha akawasha redio. Nilikaa kimya njia nzima nikijiuliza nimewezaje kukosa maswali 73 katika kila 100, ilhali nilimaliza kidato cha sita na hisabati haijawahi kunitoa jasho namna hiyo.

Alama ile, inayojulikana kama AFQT na ambayo ndiyo inayoamua kama mtu ataruhusiwa kujiunga, haihesabu maswali uliyoyapata. Ni alama ya kulinganisha, inayokwenda kuanzia 1 hadi 99, na unayelinganishwa naye ni sampuli ya vijana wa Marekani wa umri wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Kwa hiyo 27 yangu ilimaanisha kwamba nilifanya sawa au vizuri zaidi kuliko asilimia 27 ya vijana wale. Haikuwa habari njema hata baada ya kuielewa, lakini ilinibadilishia swali. Badala ya kujiuliza nilikosa mangapi, nilianza kujiuliza vijana hawa, waliozaliwa na kulelewa ndani ya Kiingereza, walinizidi mahali gani hasa, na kama pengo lote lile lilikuwa la hesabu kweli.

Wakati huo nilikuwa na miaka 25, nina kadi ya ukaazi wa kudumu, naishi kwa dada yangu na kufanya kazi ya ghala zamu ya usiku. Sheria inamruhusu mkaazi wa kudumu kujiunga na jeshi kama askari wa kawaida, ingawa kazi zinazohitaji kibali cha usalama hufungwa kwa asiye raia. Nilitaka kuwa mhudumu wa tiba anayefuatana na wapiganaji, kazi ambayo katika jeshi la nchi kavu hujulikana kwa namba 68W. Sajenti alinipa jaribio fupi kwenye kompyuta ya ofisini kwake, nikapata makadirio ya 34, akasema yanatosha na kwamba siku yenyewe nitapanda zaidi. Simlaumu sana, maana kazi yake ni kuandikisha watu, wala si kuwafundisha. Aliyekosea ni mimi niliyechukua makadirio ya dakika chache, yaliyozidi kiwango cha chini kwa alama tatu tu, nikayafanya kuwa maandalizi.

Mtihani wenyewe unaitwa ASVAB, na matawi yote ya jeshi la Marekani yamekuwa yakiutumia tangu mwaka 1976. Una vipengele vingi: sayansi ya jumla, hesabu za mafumbo, maana ya maneno, ufahamu, maarifa ya hisabati, umeme na elektroniki, magari na kazi za karakana, kanuni za mitambo, na kile cha kuunganisha maumbo. Nilipokwenda mara ya kwanza sikujua kwamba vipengele hivi havina uzito sawa. Usiku mmoja kabla ya mtihani nilijifungia chumbani nikisoma kuhusu kabureta, plagi na aina za bisibisi, kwa sababu nilidhani jeshi litataka kujua kama ninafahamu magari. Kabureta haikuniongezea hata alama moja katika AFQT.

Nilikuja kuujua mgawanyo huo nikiwa maktaba ya umma, katika kitabu kilichochakaa ambacho mtu kabla yangu alikuwa amekipigia mistari kwa penseli. AFQT inatokana na vipengele vinne tu: hesabu za mafumbo, maarifa ya hisabati, maana ya maneno na ufahamu. Viwili vya lugha huunganishwa na kuwa alama moja ya lugha, kisha alama hiyo huzidishwa kwa mbili kabla ya kujumlishwa na zile mbili za hisabati. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Maana yake ni kwamba lugha peke yake inabeba uzito sawa na hisabati yote, nami nilikuwa nimetumia muda wangu wote mahali ambapo hapakuwa na uzito wowote katika namba niliyokuwa nikiihitaji. Vipengele vingine vina kazi yake, kwa kuwa huingia katika alama za kupangiwa kazi baada ya mtu kukubaliwa. Lakini mlango una funguo nne, na mimi nilikuwa nimeshika zile za madirisha.

Kosa langu la pili siku ile lilitokana na nidhamu niliyofundishwa vizuri mno. Tangu shule ya msingi tuliambiwa kwamba ukikutana na swali gumu uliruke, umalize mepesi, halafu urudi. Ushauri huo ni mzuri kwenye karatasi. Vituoni, hata hivyo, ASVAB hufanywa kwa kompyuta, na kompyuta hiyo huchagua swali linalofuata kwa kutazama ulivyojibu lililotangulia: ukipata, linakuja gumu zaidi, ukikosa, linakuja jepesi zaidi. Ukishathibitisha jibu hakuna kurudi nyuma. Mimi nilibofya majibu ya ovyo katika maswali mawili ya mwanzo ya hesabu nikiamini nitayarudia, na nilipotafuta kitufe cha kurudi sikukiona. Nikashikwa na hofu, na hofu hiyo nikaingia nayo kwenye maana ya maneno, ambako kila swali lina nusu dakika na kidogo tu. Kwenye kipengele hicho muda uliniishia maswali yakiwa bado yapo, na mfumo huu humkata alama anayeacha maswali bila kujibu. Mtihani wa karatasi hauna adhabu ya kukisia na unaruhusu kurudi, kwa hiyo mtu anayejipima kwa karatasi halafu akafanyia kwenye kompyuta anajifunza mchezo mmoja na kwenda kucheza mwingine.

Sheria ya kurudia ni kwamba unasubiri mwezi mmoja wa kalenda, ukishindwa tena unasubiri mwezi mwingine, na baada ya hapo kila jaribio hutenganishwa kwa miezi sita. Sajenti alitaka niende mara tu mwezi utakapotimia. Alinieleza pia kuhusu kozi ya maandalizi iliyoanzishwa katika kambi ya Fort Jackson mwezi Agosti 2022 kwa ajili ya watu wenye alama kati ya 21 na 30, ambao huchukuliwa na kufundishwa darasani hadi siku 90 kabla ya mafunzo ya awali ya kijeshi. Sikuidharau kozi hiyo, na nimekutana na askari wazuri waliopitia hapo. Lakini nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba tatizo langu lilikuwa na umbo fulani, na nilitaka kwanza kuliona umbo hilo kwa macho yangu. Nikamwomba anipe wiki kumi na moja. Akaguna, akaniambia watu wanaoomba muda mrefu huwa hawarudi.

Wiki ya kwanza sikujifunza kitu kipya. Nilichukua mitihani mitatu ya mazoezi ya vipengele vile vinne, nikaifanya kwa saa, kisha nikafungua daftari na kuandika kila swali nililokosa pamoja na sababu ya kulikosa. Nilijiwekea aina tatu tu za sababu: sikujua njia, nilijua njia lakini nikakosea kukokotoa, au sikuelewa swali lilikuwa linauliza nini. Nilikuwa na hakika kwamba aina ya kwanza ndiyo itakayojaza kurasa, maana miaka sita ilikuwa imepita tangu nishike kitabu cha hisabati. Nilipohesabu, zaidi ya nusu ya makosa yangu ya hisabati yalikuwa ya aina ya tatu. Njia nilikuwa nazijua. Nilikuwa nakwama mlangoni, kabla ya kufika kwenye hesabu yenyewe.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo sidhani vitabu vya huku vinaweza kulieleza, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Mimi hisabati nilifundishwa kwa Kiswahili. Sehemu zina kiasi na asili, namba zina vigawo na vigawe, 49 ina kipeuo cha pili ambacho ni 7, na 7 ina kipeo cha pili ambacho ni 49. Nilipoingia sekondari lugha ikageuka kuwa Kiingereza kwa siku moja, na kama wenzangu wengi nilikabiliana nalo kwa kukariri umbo la swali bila kuisoma lugha yake. Mwalimu akiandika milinganyo ubaoni nilikuwa na raha. Akiandika fumbo la mistari minne nilitafuta namba zilizomo, nikakisia ni za kuzidisha au kugawanya, na mara nyingi nilipatia kwa sababu mafumbo yalikuwa yanafanana. Ujanja ule ulinivusha hadi kidato cha sita, na ASVAB ndiyo iliyonikamata nao.

Mfano mmoja ulijirudia katika daftari langu mara saba. Swali linataja namba iliyo pungufu kwa 5 kuliko mara mbili ya namba fulani. Kiingereza hutanguliza ile 5, halafu upungufu, halafu mara mbili ya namba. Nami kwa kuwa nilikuwa nikiandika kwa mfuatano ambao macho yameyapokea maneno, niliandika 5 − 2n, kumbe inatakiwa 2n − 5. Na watunzi wa maswali wanajua kabisa kwamba wapo watu kama mimi, kwa sababu jibu linalotokana na kosa hilo huwa limewekwa pale miongoni mwa yale manne, likikusubiri. Dawa niliyoipata ilikuwa ya kizamani: kulisoma swali hadi mwisho bila kushika penseli, kulisema upya kwa Kiswahili changu kimoyomoyo, kisha kuandika. Sekunde kumi nilizopoteza kwa kusema upya zilinirudishia dakika nzima ya kuhangaika. Wapo waliosisitiza kwamba nisifikiri kwa Kiswahili hata kidogo, nifikiri kwa Kiingereza moja kwa moja. Huenda kwa mtu aliyefika akiwa mdogo hilo linawezekana. Kwangu mimi hesabu inaishi katika Kiswahili, na kuihamisha kwa wiki kumi na moja ingekuwa kazi kubwa kuliko mtihani.

Hata urithi ule wa shule ya msingi nililazimika kuukagua. Kila aliyesoma kwetu anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anayeifuata neno kwa neno atachukua 10 − 4 + 3, ajumlishe kwanza 4 na 3, na kupata 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Tena katika neno hilo vipeo havimo kabisa, ilhali huja mara tu baada ya mabano. Niliona haya kidogo kugundua jambo hilo nikiwa na miaka 25, mbele ya mpwa wangu wa darasa la sita ambaye ana neno lake la Kimarekani la kukumbukia mfuatano huo, nalo lina mtego uleule.

Huyo mpwa wangu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa vipimo. Mimi nilikuja na mita, lita, kilo na sentigredi, na mtihani una futi, yadi, maili, galoni, paundi na farenihaiti. Siku moja aliniona nimekokotoa zulia la chumba chenye urefu wa futi 15 na upana wa futi 12, nikapata futi za mraba 180, halafu nikagawanya kwa 3 kwa kuwa futi tatu hufanya yadi moja, nikaandika yadi za mraba 60. Akanitazama kwa huruma.

“Mjomba, si tatu. Ni tisa.”

Akachora mraba mmoja wenye futi tatu kila upande, akaugawa katika vyumba, tukavihesabu vyote tisa. Jibu lilikuwa yadi za mraba 20. Mita za mraba zisingenipiga chenga hivyo, kwa sababu mita ninaiona kichwani, lakini yadi kwangu ilikuwa neno tu lisilo na urefu. Basi tukapima nyumba nzima. Tulipima meza kwa inchi, mlango kwa futi, korido kwa yadi, na aliandika kwa mkono wake katika ukurasa wa mbele wa daftari langu kwamba galoni ina painti 8, paundi ina aunsi 16 na maili ina futi 5,280. Alinifundisha na majina ya sarafu, kwamba ile ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5, jambo ambalo hadi leo naliona halina adabu.

Makosa ya aina ya pili, yaani ya kukokotoa, yaliisha kwa njia isiyo na siri yoyote. Kikokotoo hakiruhusiwi, unapewa karatasi na penseli tu, na miaka ya kubofya simu ilikuwa imenilegeza. Nilirudia jedwali la kuzidisha hadi 12, vipeo vya pili hadi 15, na sehemu zile zinazojirudia pamoja na asilimia zake, nikizisema nikiwa napanga maboksi ghalani usiku. Ilichukua wiki tatu. Sina la kuongeza hapo.

Ya aina ya kwanza, ambayo niliyaogopa sana, yalikuwa machache na ya kufundishika: mafumbo ya watu wawili wanaofanya kazi pamoja, ya mchanganyiko wa vimiminika, na ya mwendo wa wastani. Hilo la mwisho nalipenda, kwa sababu linaonyesha tabia ya mtihani. Gari limekwenda maili 60 kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, likarudi njia hiyohiyo kwa maili 60 kwa saa. Mkono unakimbilia kuandika 45. Lakini kwenda kumechukua saa mbili na kurudi saa moja, jumla ni maili 120 kwa saa tatu, na wastani ni 40. Namba 45 utaikuta imewekwa katika majibu. Nilianza kuwa na mazoea ya kulishuku jibu lolote linalojitokeza kabla sijafanya kazi yoyote.

Kwa upande wa lugha nilifanya kosa la wiki mbili kabla ya kujirekebisha. Nilipakua orodha ya maneno elfu moja na kuanza kuyakariri kwa mfuatano wa alfabeti. Nilipofika maneno 140 nilikuwa nayachanganya yote yanayoanza na herufi A, na hakuna hata moja lililobaki baada ya siku tano. Nikaiacha orodha. Badala yake nilijipa kurasa kumi za kusoma kila siku kabla ya zamu: gazeti, kitabu cha historia, maelezo ya dawa, chochote kilichoandikwa kwa watu wazima. Neno geni nililiandika pamoja na sentensi yake nzima, kwa sababu neno bila sentensi ni kama mtu umemwona mara moja kituo cha basi. Nikagundua pia kwamba nilikuwa na akiba ambayo sikuijua. Neno kama “arid” nililifahamu kutoka jiografia ya kidato cha kwanza, “benign” kutoka biolojia, na mengi yenye asili ya Kilatini yalikuwa yamelala katika madaftari ya sayansi. Tuliosoma masomo yetu kwa Kiingereza cha vitabuni tunajua maneno marefu kuliko tunavyodhani. Yanayotutupa ni yale mafupi ya nyumbani na barabarani, ambayo mtoto wa huku anayapata mezani kwa mama yake.

Ufahamu ulikuwa na ugonjwa wake peke yake. Nilikuwa nikikosa maswali ya aya nilizozielewa vizuri, na daftari halikuniambia kwa nini hadi nilipoyasoma makosa kumi kwa mpigo. Nilikuwa najibu kwa ninayoyajua. Aya inazungumzia homa, mimi nina maoni yangu kuhusu homa, na jibu ninalochagua ni la kweli kabisa duniani ila halimo katika aya. Kuanzia hapo kila jibu nililidai lioneshe mstari uliolizaa. Lisipokuwa na mstari, nililiacha hata kama lilikuwa la hekima.

Katika kusoma kwangu nilikutana na jambo lililonifurahisha kidogo. Mwaka 1917, jeshi la Marekani lilipoanza kuwapima askari wapya kwa wingi chini ya mwanasaikolojia Robert Yerkes, lilitengeneza mitihani miwili: Alpha kwa wanaosoma Kiingereza, na Beta, uliojaa picha na alama, kwa wasioweza kukisoma, wakiwamo wahamiaji wengi. Leo hakuna Beta. Mhamiaji na mzawa wanakaa kwenye kompyuta zinazofanana, na sioni ubaya wake, maana kifurushi cha dawa na amri ya redio navyo havitaniletea picha. Ila nadhani ni haki mtu kama mimi ajue mapema kwamba nusu ya anachopimwa ni lugha, asije akaondoka akiamini kwamba hana akili ya hesabu.

Niliporudi kituoni ilikuwa wiki ya kumi na mbili. Tulilala hotelini usiku wa kuamkia siku hiyo, tukaamshwa alfajiri mno, tukapita kwenye ukaguzi, na simu hazikuingia katika chumba cha mtihani. Safari hii nilikuwa nimelala, kwa sababu nilibadilisha zamu wiki mbili kabla, na naona hilo lilinisaidia kuliko sura yoyote ya kitabu. Nilijiwekea sheria moja kwa ajili ya kompyuta: swali lililo mbele yangu ndilo pekee lililopo. Lilipokuja jepesi sikujiuliza kama nimekosa lililotangulia, na lilipokuja gumu sikujipongeza, maana kukisia jinsi mashine inavyokuona ni kupoteza muda wake na wako. Swali la tano la mafumbo lilikuwa na yadi za mraba. Nilitabasamu peke yangu, na msimamizi akanitazama.

Nilipata 51. Sajenti alinipa mkono, halafu akaniambia kwamba kupanda alama 20 au zaidi ndani ya miezi sita hulazimu mtihani mwingine wa uthibitisho, ili wahakikishe mtu hakupenyezewa maswali. Mimi nilikuwa nimepanda 24. Nakiri kwamba niliudhika, kwa sababu hakuna anayependa kushukiwa kwa kitu alichokitolea jasho. Shemeji yangu, aliyekuwa amevumilia miezi mitatu ya taa ya sebuleni kuwaka usiku, alinisikiliza hadi nikamaliza kulalamika.

“Sasa shemeji,” akasema, “kama unayajua, si utayajua na kesho?”

Nikarudi, nikakaa tena, matokeo yakathibitishwa.

Kilichobaki kilikuwa alama ya kazi. Ile niliyoitaka inahitaji alama ya GT isiyopungua 107, nayo GT hujengwa na alama ya lugha pamoja na hesabu za mafumbo. Yangu ilikuwa 104. Tatu tu zilipungua. Sajenti aliniuliza kama nataka kurudia tena, nami nikapiga hesabu ya muda wa kusubiri, umri wangu na uchovu wa ghala, nikachagua kuingia kwa kazi ya ugavi, ambayo alama zangu ziliiruhusu bila wasiwasi. Nilijua tayari kwamba ndani ya jeshi upo mtihani wa kuinua alama, unaoitwa AFCT, na kwamba kambini huwa kuna masomo ya kuandaa askari kwa ajili yake.

Masomo hayo nimeyaanza mwezi uliopita. Darasa letu lina watu kumi na wawili, na mwalimu ametupa kitabu kipya chenye mazoezi mengi mazuri, lakini daftari ninalokwenda nalo ni lilelile. Jalada limechanika, kurasa za katikati zina madoa ya chai, na kwenye ukurasa wa mbele, chini ya painti, aunsi na maili, bado kuna mraba wa vyumba tisa uliochorwa na mpwa wangu. Wiki hii nimeandika makosa sita. Manne ni ya kusoma, moja la kukokotoa, na moja sijajua bado niliweke aina gani.